Injini Kubwa za Petroli Zinaondoka? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanunuzi wa Magari Dar es Salaam

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila wiki gereji, kwenye yadi za magari na kwenye simu za watu wanaoagiza gari Japani. Yanahusu zaidi petroli. Hesabu zote za mafuta hapa chini zimepigwa kwa shilingi 3,000 kwa lita ili ziwe nyepesi; bei ya leo iangalie kwenye tangazo la EWURA linalotoka kila mwezi.

Ni kweli injini kubwa za petroli zinaondoka kwenye magari mapya?

Ni kweli, na huhitaji kwenda mbali kuliona hilo. Land Cruiser 200 tuliyoizoea iliuzwa na V8 (injini ya silinda nane) ya petroli ya lita 4.6 au 5.7. Land Cruiser 300 ilipotoka mwaka 2021, V8 haikuwemo: injini yake kuu ya petroli ni V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili. Nissan Patrol ilishikilia V8 ya lita 5.6 tangu 2010, lakini toleo lililozinduliwa 2024 limekuja na V6 ya lita 3.5, nayo ina turbo mbili. Harrier ya Tako la Nyani ilipatikana hata na V6 ya lita 3.0 na 3.5. Ile iliyofuata, ya 2013, ilianza na lita 2.0 ya kawaida na 2.5 ya haibridi (petroli ikisaidiwa na mota ya umeme), na V6 haijarudi tena kwenye Harrier. Mark X iliacha kutengenezwa Desemba 2019 bila mrithi.

Hata Toyota Century, gari la wakubwa wa Japani, lilitumia V12 ya lita 5.0 kuanzia 1997 hadi 2017. Toleo la 2018 likashuka hadi V8 ya haibridi. Ukiona Century limeachia silinda nne, ujue mabadiliko haya hayakuishia kwenye magari ya bei nafuu.

Kwa hiyo Land Cruiser mpya ninayopishana nayo Masaki si V8?

Kama ni 300, si V8, iwe ya petroli au ya dizeli. Watu wanaendelea kuiita hivyo kwa mazoea, na madalali wanafaidika na mazoea hayo. Dalali akikuuzia "V8 ya 2022" ya muundo wa 300, mwambie akupe namba ya chesisi uihakiki kabla hujatoa hata shilingi.

Nani ameamua hivyo? Wateja wamezichoka?

Wateja hawajazichoka. Zimesukumwa na sheria na kodi za nchi zinazotengeneza na kununua magari mapya. Umoja wa Ulaya uliweka wastani wa gramu 95 za hewa ukaa kwa kilomita kwa magari mapya ya kila kampuni, na kampuni inayozidisha inatozwa faini kwa kila gari ililouza. Marekani imekuwa na sheria ya wastani wa matumizi ya mafuta tangu 1975, baada ya msukosuko wa mafuta. Ukiwa na sheria ya wastani, kila V8 unayouza inakulazimu uuze vigari kadhaa vya kuifidia.

Japani inatugusa sisi zaidi. Huko mwenye gari hulipa kodi kila mwaka kwa kufuata ujazo wa injini. Kabla ya mageuzi ya kodi ya 1989, gari lililovuka lita 2 lilipanda ghafla kwenye kodi nzito. Baada ya hapo ngazi ya lita 2 hadi 2.5 ikawa nafuu, na ndipo Mark II, Crown na baadaye Mark X zilipojaa injini za cc 2,500. Magari yale yaliyotapakaa Sinza na Kinondoni ni matunda ya uamuzi wa kodi wa Tokyo. Na sasa Tokyo imehamia kwenye haibridi na turbo, nasi tutapokea hicho hicho.

Kama magari mapya yamebadilika, mbona yadi za Dar bado zimejaa cc 2,500 na 3,000?

Kwa sababu wengi wetu hatununui gari jipya. Gari linalotua bandarini leo mara nyingi liliuzwa Japani miaka saba, nane au kumi iliyopita, kwa hiyo yanayotokea kwenye vyumba vya maonyesho huko tunayaona hapa muongo mmoja baadaye. Crown Athlete ilianza kupewa injini ya lita 2.0 yenye turbo mwaka 2015, na ndizo hizo zinazoingia sasa na namba E. Wanunuzi wengine hawajui kabisa kwamba wamenunua gari lenye turbo. Wanajua ni Crown, na wanalitunza kama walivyokuwa wakiitunza ile ya zamani. Hapo ndipo shida inapoanza, na nimeliweka swali lake hapa chini.

Injini ya lita mbili inawezaje kufanya kazi ya lita tatu?

Nguvu ya injini inatokana na kiasi cha hewa kinachoingia kwenye silinda na kuungua pamoja na petroli. Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe, hivyo ukitaka hewa zaidi unahitaji silinda kubwa au nyingi. Turbo inatumia moshi unaotoka kuzungusha feni inayoshindilia hewa ndani, na silinda ndogo ikapata hewa ya silinda kubwa.

Matokeo yake si madogo. Land Cruiser 200 ya lita 4.6 iliyouzwa Japani ilikuwa na nguvu farasi 318 na msukumo wa Nm 460. Ya 300, yenye lita 3.5, ina farasi 415 na Nm 650. Anayesema V6 mpya ni dhaifu hajaiendesha.

Gharama yake ni joto na presha. Turbo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, juu ya utando mwembamba wa oili. Kumbuka sentensi hiyo unaposoma jibu la oili.

Injini ndogo inaokoa mafuta kweli kwenye foleni za Dar?

Inaokoa, na foleni ndiyo mahali inapookoa zaidi. Gari likiwa limesimama, injini kubwa bado inasukuma pistoni zote, inashinda msuguano wa vyuma vingi zaidi, na inavuta hewa kupitia mlango uliokaribia kufungwa. Vipimo vya Marekani vinaonyesha kuwa gari dogo la lita 2.0 likiwa sailensa, yaani limesimama injini ikiunguruma, bila kiyoyozi linachoma takriban lita 0.6 kwa saa, na gari kubwa la lita 4.6 linachoma takriban lita 1.5.

Chukua mtu wa Mbezi ya Kimara anayefanya kazi Posta, ambaye kwa siku anasimama jumla ya saa mbili kati ya Kimara, Ubungo na Magomeni. Tofauti ni lita 0.9 kwa saa, yaani lita 1.8 kwa siku. Kwa siku 25 za kazi inakuwa lita 45, shilingi 135,000 kwa mwezi, na hapo gari halijasogea hata hatua moja. Washa kiyoyozi mwezi wa Februari, na zote mbili zinapanda.

Kuna jambo moja la kuangalia. Injini ndogo ya turbo inaokoa mafuta ikiendeshwa kwa upole. Ukikanyaga kwa nguvu kila taa inapowaka kijani, turbo inashindilia hewa na kompyuta inaongeza petroli ya kutosha hewa hiyo. Ndiyo sababu wawili wenye gari la aina moja wanabishana: mmoja anapata kilomita 12 kwa lita, mwingine 8, na wote wanasema kweli.

Kwa safari za mkoani, bado nahitaji V8?

Nguvu ya V8 unaihitaji kama unavuta tela au unabeba mzigo mzito kila mara. Kwa familia inayokwenda Moshi Desemba, huihitaji. Barabara ya Dar hadi Chalinze imejaa malori, na vijiji vyote vina kibao cha 50. Kwenye mlima kama Kitonga turbo inafanya vizuri kuliko injini kubwa isiyo na turbo, kwa sababu msukumo wake unapatikana kwenye mzunguko wa chini na haipungukiwi sana na hewa nyepesi ya juu.

TRA inatoza kiasi gani zaidi kwa cc kubwa?

Kwa utaratibu tuliouzoea, ushuru wa bidhaa kwa gari dogo la abiria ni asilimia 0 kwa injini isiyozidi cc 1,000, asilimia 5 hadi cc 2,000, na asilimia 10 kwa kinachozidi hapo. Unapigwa juu ya thamani ya gari bandarini ukijumlisha ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha VAT ya asilimia 18 inafuata.

Tuseme TRA imelithaminisha gari kwa milioni 15. Ukiongeza ushuru wa forodha inakuwa 18,750,000. Gari la cc 1,998 litatozwa 937,500, na la cc 2,499 litatozwa 1,875,000. Ukiweka na VAT ya tofauti hiyo, cc 500 za ziada zimekugharimu kama milioni 1.1.

Sasa linganisha na umri. Gari la miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Kwenye mfano wetu asilimia 30 ni 5,625,000 kabla ya VAT. Watu wanakesha wakitafuta cc ndogo, halafu wanaagiza gari la miaka kumi na moja! Uzee wa gari unakula fedha nyingi kuliko cc. Kabla hujalipa, ingia kwenye kikokotoo cha magari cha TRA, kwa sababu bajeti ya Juni inaweza kubadilisha viwango hivi.

Leseni ya gari ya kila mwaka, ambayo nayo ilipangwa kwa cc, ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Tangu hapo mwenye injini kubwa halipi kwa kumiliki. Analipa kila anapoingia kituo cha mafuta.

Nasikia magari ya turbo yanakufa injini mapema. Ni kweli?

Mengi yanauawa. Hili ndilo swali ninalolijibu kwa uchungu, kwa sababu gari linafika gereji likitoa moshi wa bluu, mwenye gari ametumia akiba ya miaka, na tatizo lilikuwa dumu la oili.

Injini ya zamani isiyo na turbo ilisamehe mengi. Ungeweza kupitiliza kumwaga oili hadi kilomita 10,000, ukaweka oili yoyote ya dukani, na ikaendelea kuvuta. Ya turbo haisamehi. Oili ikichoka inaungua pale kwenye shafti ya turbo, inaganda kuwa kaa, njia inaziba, beringi zinakauka. Shafti ikianza kuyumba, oili inavuja kwenye njia ya hewa na injini inaanza kuinywa.

Kwa Dar, yenye joto na foleni, kilomita kwenye dashibodi hazisemi ukweli wote, kwa kuwa injini inafanya kazi saa nyingi gari likiwa limesimama. Mwaga oili kila kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia. Tumia daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, kama ni 0W-20 au 5W-30 iwe hiyo hiyo. Ushauri wa "weka nzito kwa sababu gari limezeeka" usiukubali kwenye injini hizi, maana njia za oili ni nyembamba na nzito inachelewa kufika kwenye turbo asubuhi. Nunua oili kwa muuzaji anayekupa risiti. Ukitoka safari ndefu, acha injini iungurume dakika moja kabla ya kuzima ili turbo ipoe.

Haya hayana maana kwamba injini kubwa hazina ugonjwa. Mwaka 2024 Toyota iliita magari yapatayo laki moja ya V6 mpya ya turbo huko Marekani kwa sababu ya masalia ya vyuma yaliyobaki ndani ya injini. Mwaka uliofuata General Motors ikaita karibu laki sita ya V8 ya lita 6.2 kwa matatizo ya krenki na koni rodi. Na 2AZ-FE ya cc 2,400, iliyomo kwenye Alphard na Vanguard nyingi za hapa, haina turbo lakini inajulikana kwa kula oili. Ujazo peke yake haukuhakikishii chochote.

Mafundi wetu wanaziweza?

Wapo wanaoziweza vizuri sana. Bado ni wachache. Ninachohofia zaidi ni kuondoka kwa injini rahisi, kuliko kuondoka kwa injini kubwa. Injini ya zamani ya Toyota kama 1JZ au 2JZ fundi aliisikiliza kwa sikio, akafungua plagi, akajua. Injini za sasa zinapiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, zina sensa kila kona, na zinahitaji kompyuta ya kupimia inayosoma namba za injini ikiwa inafanya kazi, siyo ile ya kufuta taa tu.

Vijana wanaojifunza ufundi chini ya miti na kwenye gereji za Tabata, Ilala na Tegeta wana akili na mikono ya kazi hii. Wanachokosa ni vifaa na mafunzo. Vyuo vya ufundi vya VETA na DIT vipo, wenye gereji tuwapeleke. Na mteja akubali kulipia upimaji kama kazi kamili. Fundi asiyelipwa kwa kupima atabahatisha, na utanunua spea tatu ambazo gari halikuzihitaji.

Haibridi je, si ndiyo suluhisho?

Kwa mtu wa foleni, kwa maoni yangu, ndiyo chaguo bora kuliko turbo. Gari likisimama injini inazima, zile lita za sailensa karibu zinafutika, na injini nyingi za haibridi za Toyota hazina turbo. Aqua, Prius, Harrier ya 2.5 na Crown ya 2.5 zote zinapatikana.

Kagua betri kubwa kabla ya kununua, kwa kompyuta inayosoma kila fungu la betri. Kisha angalia feni ya kuipoza, ambayo kwenye Aqua na Prius inavuta hewa karibu na kiti cha nyuma. Vumbi letu na nywele za mazulia vinaiziba, betri inapata joto, na watu wanaambiwa betri imekufa wakati ilitakiwa kusafishwa mapema. Usiweke mizigo mbele ya tundu hilo.

Nikifunga gesi kwenye injini kubwa niliyonayo?

Linawezekana, na kwa mwenye V6 anayezunguka mjini linaweza kulipa haraka. Kilo moja ya gesi ina nishati ya karibu lita moja na nusu ya petroli, na imekuwa ikiuzwa kwa takriban shilingi 1,550. Gesi yenyewe ni yetu, ya Songo Songo na Mnazi Bay. Vituo vimeongezeka, kikiwemo kituo mama cha TPDC cha Barabara ya Sam Nujoma kilichozinduliwa 2025, ingawa kwenye vituo vingi foleni bado zipo.

Tahadhari moja inawahusu wenye Crown na Mark X za 2.5. Injini yao, 4GR-FSE, ni D4, inapiga petroli ndani ya silinda. Ukifunga mfumo wa kawaida wa gesi na kuzima petroli kabisa, nozeli zinabaki kwenye moto bila kupozwa na zinaharibika. Unahitaji mfumo maalumu unaoendelea kupitisha petroli kidogo. Muulize fundi swali hilo kwanza. Asipolielewa, ondoka na gari lako.

Spea za V8 na V6 zitaadimika?

Si leo wala kesho. Magari haya ni mengi mno nchini, na Gerezani na Kariakoo zinauza kinachotembea barabarani. Zitakazoanza kuwa ghali ni injini za mtumba zilizo safi, kwa kuwa zinatoka kwenye magari yanayokatwa Japani na magari hayo yanapungua.

Bei ya kuuza itaanguka?

Land Cruiser 200 inashikilia bei, na huenda ikashikilia zaidi kwa kuwa haitengenezwi tena. Sedani za V6 ni jambo jingine. Mafuta yakipanda, kama 2022 yalipovuka shilingi 3,000, simu za wauzaji wa Crown zinanyamaza na IST inagombaniwa.

V8 zinaweza kurudi?

Marekani zinarudi kwa sehemu. Kampuni ya Ram iliiondoa Hemi V8 kwenye pikapu yake ya 1500, ikairudisha kwa mwaka wa modeli 2026, na mwaka 2025 Marekani ilifuta faini za kuvuka wastani wa mafuta. General Motors inawekeza kwenye V8 mpya. Lakini hizo ni pikapu za usukani wa kushoto, na nyingi haziji kwetu. Sisi tunafuata Japani, na Japani haionyeshi dalili ya kurudi nyuma.

Nina Mark X nzima, haina shida. Niiuze?

Kama inatunzwa, haili oili, na unaendesha kilomita chache kwa wiki, baki nayo. Milioni nyingi za kubadilisha gari zinanunua petroli ya miaka kadhaa. Kama unaamka saa kumi na moja kila siku kuiwahi foleni ya Bagamoyo, piga hesabu ile ya sailensa kwa saa zako mwenyewe, jumlisha mwaka mzima, na uamue kwa namba utakayopata.

Leo nina milioni 30. Ninunue nini?

Mtu wa mjini tupu: haibridi ya 1.5 au 1.8 yenye betri iliyopimwa. Familia yenye safari: Harrier ya 2.0 isiyo na turbo, ya 2013 kuendelea. Ukitaka turbo, nunua lenye kumbukumbu za matengenezo za Japani, na utenge fedha ya oili tangu siku ya kwanza. Ukitaka V6, nunua ukiwa umeshakubali bei ya mafuta yake.

Kwa lolote kati ya hayo, lipia ukaguzi wa gereji isiyo ya muuzaji. Gari liwashwe asubuhi likiwa baridi. Muuzaji akiwa ameshalipasha kabla hujafika, omba siku nyingine.